Pikapu kuukuu: namna ya kuijua bei yake kabla hujatoa hela

Bei anayokutajia mwenye pikapu kuukuu mara nyingi haina uhusiano na pikapu yenyewe. Ndani yake mna karo ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza, mna mabati ya nyumba iliyokwama kwenye linta, mna hela aliyonunulia yeye miaka sita iliyopita akijumlisha na injini aliyobadilisha mwaka jana. Kwake yote hayo ni kweli tupu, lakini kuyalipa si juu yako. Wewe unalipia chuma, makaratasi na kazi iliyobaki ndani ya hilo gari.

Tangu nianze kubeba viazi kutoka Mau Narok kuleta Nakuru mjini nimenunua pikapu nne na kuuza tatu. Moja nilipigwa vibaya, na nitaieleza hapo mbele. Majuzi shemeji yangu, anayeuza chakula cha mifugo Kisumu, aliniomba nimsindikize kutazama pikapu ya Isuzu TFR ya mwalimu mstaafu huko Mamboleo, pembezoni mwa Kisumu. Nitaitumia TFR hiyo kama mfano, maana hesabu bila gari la kuligusa ni maneno tu. Bei za vipuri ninazotaja ni zile tulizoulizia siku hiyo. Wewe ulizia zako.

Anza na mzigo

Kabla ya kuuliza bei ya chochote, andika kwenye karatasi utabeba nini, uzito gani, na kwa barabara ipi. Gunia la viazi kisheria halipaswi kuzidi kilo 50, kwa hiyo pikapu ya tani moja ni magunia 20, hata kama jirani yako hupakia 30 akafunga kamba na kumwachia Mungu. Shemeji hubeba magunia kama 12 ya chakula cha kuku kutoka Kisumu hadi Ahero na Awasi. Ni tambarare na ni lami. Hana haja ya gari la kuvuta magurudumu yote manne. Mtu wa milima ya Nandi anayetoka na mzigo kwenye udongo mwekundu wakati wa masika anayo haja hiyo, na ailipie. Wewe usiye na haja ukilinunua, utakuwa umelipia difu ya mbele ya kuvuja oili uani.

Jina nalo hulipiwa. Hilux kuukuu itaombwa hela nyingi kuliko TFR au Nissan Hardbody ya umri uleule na hali ileile. Sehemu ya nyongeza hiyo ni halali, kwa sababu ukija kuiuza nawe utaidai kwa mwingine. Mimi huipenda TFR kwa injini yake ya 4JA1, dizeli ya lita 2.5 yenye pampu ya kawaida isiyojua kompyuta. Ikizimika Elburgon, fundi wa Elburgon ataiwasha. Hilux zenye injini ya 2KD ni nzuri barabarani na hunywa kidogo, ila injekta zake zinaongozwa na kompyuta, na zikichoka zote nne utalia. Ya namna hiyo usiikaribie bila fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Peugeot 504 pikapu, ambayo wazee wetu waliipenda kuliko ndugu zao, utaipata rahisi, kisha vipuri vyake uvisake mji hadi mji.

Tafuta bei ya kawaida

Kusanya bei za pikapu kama tisa au kumi za aina ileile: injini ileile, idadi ileile ya milango, umri unaokaribiana. Usichanganye ya milango miwili na ya milango minne. Tazama matangazo, lakini pia nenda mahali pikapu zinapolala zikingoja mizigo, ununue chai, uulize madereva nani ameuza hivi karibuni na akapata ngapi. Hapo ndipo penye bei ya kweli. Tangazo ni bei inayoombwa, na gari lililokaa kwenye tangazo miezi minne linakuambia lenyewe kwamba watu wamelikataa kwa bei hiyo. Wenye maduka ya vipuri nao wanajua mengi: wanajua gari la nani linakula nini.

Ondoa ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa. Ya juu ina mwenye ndoto, ya chini ina kasoro au ni ya wizi. Kwa TFR za milango miwili za miaka ile, tulizopata tisa ziliombwa kati ya 420,000 na 780,000, na nyingi zilizunguka 600,000. Madereva wakatuambia watu hushuka kama asilimia kumi wakiona hela taslimu. Basi tukaandika 540,000: bei ya TFR ya kawaida, inayofanya kazi kila siku, yenye tairi za nusu maisha na klachi ya nusu maisha.

Hiyo "nusu maisha" uishike vizuri, kwa sababu hapo wanunuzi wengi hukosea. Mtu huona tairi zilizotumika, anatoa bei ya tairi nne mpya, kisha anashangaa mwenye gari akinuna. Bei ya kawaida tayari inajua kwamba gari ni kuukuu. Unachotoa ni kile kilichoanguka chini ya kawaida: tairi lililobaki kipara, klachi inayoteleza, springi iliyovunjika. Redio isiyosema na kiti kilichochanika si hoja.

Kuna watakaokushauri ulipie hati ya uthamini. Ni nzuri kwa bima na benki, lakini kwa uzoefu wangu tarakimu iliyo kwenye hati hiyo huwa juu ya hela inayotoka mfukoni mwa mtu sokoni. Muuzaji akikuonyesha, isome, umrudishie.

Namba na umri

Herufi za namba hukupa mwaka wa kusajiliwa, basi. KAA ilianza 1989, KBA ikaja 2007, KCA 2014, KDA 2020. Lakini sheria ya Kenya huruhusu gari la mtumba kuingia likiwa na umri wa hadi miaka minane, kwa hiyo KBA iliyotoka Japani na kusajiliwa 2007 yaweza kuwa ilitengenezwa 2000. Pikapu iliyounganishwa hapa nchini na kuuzwa mpya huwa haina pengo hilo. Pikapu mbili zenye namba zinazofuatana zaweza kupishana umri kwa miaka saba. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye logbuku, ile hati ya umiliki wa gari. Bei ifuate huo.

Kilomita za dashibodi usizitilie maanani sana. Nyingi zimekufa pamoja na kebo ya spidi, na za zamani zenye tarakimu tano zikifika 99,999 huanza upya kama mtoto mchanga. Tazama raba za pedali, ukingo wa usukani, na ule upande wa kiti dereva anakoteremkia. Pedali iliyolika hadi chuma kwenye gari la "kilomita 80,000 tu" inajieleza.

Chesisi: lala chini

Hapa ndipo nilipopigwa. Ilikuwa pikapu safi, rangi mpya, tumbo limepakwa lami nyeusi inayong'aa. Niliinama, nikaona weusi, nikaridhika. Miezi mitatu baadaye, nikiwa na viazi, nikasikia bodi ya nyuma inagonga kichwa cha gari kila nikikanyaga breki. Fundi alipokwangua ile lami kwa bisibisi, bisibisi ikaingia ndani ya chesisi hadi kwenye mpini. Aliyeniuzia alikuwa amejaza vipande vya bati, akachomelea, akapaka. Nililipa mara mbili: kununua, kisha kuchomelewa upya kwa kazi ambayo hata hivyo sikuiamini tena na magunia 20. Niliiuza kwa hasara, na niliyemuuzia nilimwonyesha tundu.

Tangu siku hiyo huenda na gunia la kulalia, tochi, nyundo ndogo na sumaku niliyoifunga kwa kitambaa. Nyundo ni ya kugonga chesisi polepole kuanzia mbele kurudi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza au kilichojazwa hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Kaa zaidi pale chesisi inapopinda juu ya eksili ya nyuma, na pale springi zinaposhikilia, kwa kuwa tope hujikusanya hapo na halikauki. Ukiona lami mpya kwenye tumbo la gari kuukuu, omba ruhusa ukwangue mahali pawili. Akikataa, funga gunia lako. Sumaku ni ya bodi: isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene, ile ya kuziba mabonde na matundu, na puti nene maana yake ni ajali au kutu.

Uliza pia gari limebeba nini. Barafu ya samaki ikiyeyuka hushinda ikidondoka kwenye chesisi usiku kucha. Mbolea ya chumvichumvi hula chuma kimyakimya. Gari lililobeba mbolea ya CAN misimu kumi utaliona kwenye pembe za bodi ya nyuma. Gari lililotoka pwani lina chumvi ya hewa. Na huku kwetu Nyanza na Magharibi kuna la nne: mafuriko. Nyando na Budalang'i mto ukifurika, magari huzama. Inua zulia, chungulia chini ya reli za viti na nyuma ya dashibodi. Tope laini lililokauka mahali ambapo mguu haufiki limeletwa na maji.

Kuhusu ajali kubwa, jaribio langu ni la ndoo ya maji. Mwaga maji kwenye sakafu kavu iliyo sawa, pitisha gari polepole likienda moja kwa moja, kisha tazama alama za tairi. Za nyuma zikanyage za mbele. Zikitokea pembeni, zote kwa upande mmoja, gari linakwenda kama kaa, na huenda chesisi imepinda.

Chesisi iliyooza au iliyopinda haina punguzo la bei. Injini utapata nyingine ya mtumba, gia boksi vilevile. Chesisi ndiyo iliyobeba namba iliyo kwenye logbuku, na kuibadilisha ni kesi na karatasi usizozitaka. Ukiwa bado umelala chini, tafuta namba hiyo iliyopigwa kwenye chuma, iisome kwa kidole na ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Pakiwa na alama za kuchomelea kuizunguka, amka uage.

Ya mwalimu ilikuwa nzima. Ilikuwa na kutu ya juujuu na sakafu ya bodi ya nyuma iliyotoboka pembe mbili, mahali mtungi wa maji ulipokuwa ukikaa. Hiyo tukaiandika.

Joto la Kisumu, baridi ya Molo

Mwambie mwenye gari mapema asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, salimu watu, kisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, mtu ameshalipasha, na utauliza kwa nini. Tulipofika kwa mwalimu saa tatu asubuhi boneti ilikuwa baridi. Nikampa heko moyoni.

Kabla ya kuwasha, fungua radieta. Maji yawe safi, yasiwe na utando wa mafuta. Chomoa kijiti cha oili: oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida, oili yenye rangi ya uji wa maziwa ina maji ndani na hapo unazungumzia gasketi ya hedi au zaidi. Kisha mtu mmoja awashe, wewe simama nyuma. Moshi mweusi ukikanyagwa ghafla ni nozeli chafu au kichujio cha hewa, jambo dogo. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Moshi mweupe ukiendelea baada ya injini kupata moto, ukiwa na harufu tamu, ni maji yanayopikwa. Injini ikiwa inanguruma, fungua mfuniko wa kuwekea oili. Pumzi kidogo ni ya uzee. Ikipuliza kama sufuria ya githeri na kutema matone, ringi zimeisha, na hapo weka bei ya injini nzima kwenye karatasi yako.

Sasa jambo ambalo watu husahau huku kwetu. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yake ni joto. Molo na Mau Narok ziko juu zaidi ya mita 2,400, na saa kumi na moja alfajiri mtu hupuliza mvuke mdomoni. Dizeli yenye hita zilizokufa, zile za kupasha injini kabla ya kuwaka, itawaka Kisumu bila kulalamika hata siku moja, kisha ikukatalie Molo mbele ya magunia yako. Nayo pikapu yenye radieta iliyoziba itatembea Nakuru miaka miwili bila kuchemka, na siku ya kwanza kwenye foleni ya Kondele saa nane mchana ipande hadi mwisho wa kipimo. Kwa hiyo usipime gari kwa hali ya hewa ya muuzaji. Pima kwa ya kwako. Kisumu, mwambie fundi apime kila hita kwa taa ya majaribio. Nakuru, liache lingurume dakika ishirini feni ikizunguka, ulitazame kwenye kipimo cha joto, kisha liendeshe kwenye mlima.

Hita za TFR ya mwalimu: tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa. Hakujua, na kwa Mamboleo hakuwa na sababu ya kujua.

Lipandishe na mzigo

Pikapu tupu husema uongo. Shemeji alikuja na magunia kumi ya chakula cha kuku kwenye gari la rafiki yake, tukayahamishia nyuma ya TFR, tukapanda Riat kuelekea Kiboswa. Mlima ule ni mkali na una watu, hivyo nenda polepole, lakini utakuambia yote. Ukiwa gia ya tatu, kanyaga mafuta. Injini ikipandisha sauti na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Ya mwalimu iliteleza. Ukishuka, ondoa mguu kwenye mafuta ukiwa gia ya pili, kisha ya tatu. Gia ikijirusha nje yenyewe, gia boksi imechoka na hiyo si kazi ya asubuhi moja. Kwenye nafasi salama kanyaga breki kwa nguvu bila kushika usukani sana, uone inakuvuta upande gani. Kisha simama, teremka, tazama chini kama kuna kilichodondoka.

Mtikisiko wa usukani kuanzia mwendo fulani waweza kuwa balansi ya tairi tu. Mlio wa tok-tok kwenye mashimo ni boljointi na bushi. Tulikuwa nao.

Makaratasi

Kasoro ya chuma utaitoa kwenye bei. Ya makaratasi siitoi kwa bei yoyote, naondoka.

Lipia rekodi ya gari kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mimi nililipa shilingi 550 na jibu likaja hapohapo. Jina la mwenye gari liwe la huyu anayeongea nawe, kwa kitambulisho. Likiwa na jina la benki au la kampuni ya mikopo pembeni ya lake, deni halijaisha mpaka waliondoe wao wenyewe. Kuna pia rejista ya dhamana za mali inayohamishika, iliyokuja na sheria ya 2017. Mtu anaweza kuwa amekopea gari bila alama yoyote kwenye logbuku aliyoishika mkononi, kwa hiyo itafute humo pia.

Gari la marehemu ni mtego wa kawaida sana magharibi. Mjane ana logbuku, watoto wamekubali, bei ni nzuri, kila mtu ana huzuni na haraka. Bila amri ya mahakama ya usimamizi wa mali, hakuna kati yao mwenye uwezo wa kukuhamishia, na Sheria ya Urithi inahesabu kuwa kosa mtu kujishughulisha na mali ya marehemu bila idhini. Wasubiri wamalize mahakamani. Kama gari ni zuri, utalikuta.

Wa tatu ni yule anayeuza kwa "fomu zilizosainiwa" na mtu aliyemuuzia yeye. Uhamisho huanzishwa na mwenye jina kwenye akaunti yake, wewe ukaukubali kwenye yako. Mwenye jina akiwa Qatar au hapokei simu, huna gari. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14 tangu kubadilisha umiliki. Ukizidisha bila jina lako kuandikwa, hutakiwi kuwa nalo barabarani.

Mwisho wa makaratasi, hesabu kodi ya mapema. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, pikapu hulipiwa shilingi 2,500 kwa tani au 5,000 kwa mwaka, ipi iliyo kubwa. Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka pia. Stika ya ukaguzi iliyoisha miaka mitatu iliyopita inakuonyesha gari lililokuwa limelala, na gari likilala, mipira ya breki hukauka na tairi hupasuka pembeni hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, ni ndefu.

Hesabu yenyewe

Tulikaa chini ya mwembe wa mwalimu, tukaandika. Kutoka 540,000 tulitoa: tairi mbili za nyuma zilizobaki kipara, 24,000. Klachi na ufundi, 22,000. Hita, 8,000. Boljointi na bushi, 18,000. Radieta, iliyokuwa na kovu la kuchomelewa na kutu ndani, 15,000. Jani moja la springi lililovunjika, 9,000. Sakafu ya bodi ya nyuma, 20,000. Jumla 116,000, ikabaki 424,000. Tukatoa tena 30,000 za yale ambayo macho yetu hayakuyaona, kwa sababu katika gari la umri ule yapo tu. Dari yetu, bei ya juu kabisa ambayo hatungeivuka, ikawa 395,000 kwa kukadiria, na dau la kwanza 350,000. Mwalimu alikuwa anaomba 550,000.

Andika dari hiyo kabla ya kuongea bei, umpe mwenzako aishike. Ukiiweka kichwani itapanda yenyewe kila ukilitazama gari.

Kupatana

"Mwalimu, gari ni zuri kweli," shemeji akaanza. Nikamkanyaga mguu.

"Mwalimu," nikasema mimi, "gari umelitunza, na chesisi yake tumeiona. Ila tuna orodha hapa, tukuonyeshe tusije tukaonekana tunakudharau."

Nikampa karatasi na simu ya duka la vipuri tulilouliza. Aliisoma yote kwa miwani, kama anasahihisha insha. Kwenye hita akabisha. Fundi akamwonyesha taa ya majaribio isiyowaka. Kwenye sakafu akasema elfu ishirini ni nyingi mno, tukacheka. Hakuna neno la kulitukana gari lililosemwa, na ninaamini hilo lilituokolea hela kuliko ukali. Mtu akitukaniwa gari lake hukaza bei hata akiwa na shida.

Sisi tukasema 350,000, yeye akashuka hadi 480,000, kisha 450,000. Broka aliyekuwa amesimama kwenye ua, ambaye sikumjua ametokea wapi, akasema kuna mtu wa Busia anakuja na 500,000 kesho. Huyo mtu wa Busia huwa yuko kila mahali. Tukasema basi mwalimu asimkose, tukasimama, tukaaga. Tulikuwa tumefika langoni alipotuita. Wakakubaliana na shemeji kwa 400,000, elfu tano juu ya dari yetu, nami bado namkumbusha.

Hela hatukutoa zote siku hiyo. Tulilipa arubuni ndogo kwa mkataba wenye namba ya chesisi, namba ya injini, vitambulisho na sahihi za mashahidi wawili. Salio lilingoja mwalimu aanzishe uhamisho mbele yetu na lilipelekwa benki, maana M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja na risiti ya benki haifutiki. Bima ya mtu wa tatu tuliinunua kabla gari halijatoka langoni.

Na siku ya arubuni piga picha: betri na namba yake, tairi zote pamoja na la akiba, jeki, hata turubai. Siku tatu baadaye tuliporudi kuchukua gari, tairi la akiba lilikuwa jingine, jembamba, limepasuka. Nikamwonyesha mwalimu picha. Aliitazama, akavua miwani, akamwita kijana wake kwa jina lote, la kwanza hadi la babu. Kijana akaja na tairi letu kutoka nyuma ya jiko, akilibingirisha bila kuinua macho.